Nimekaa Miaka Mingi. Je, Mimi ni Raia?

Ndugu msomaji, mimi ni Bwana Shamba. Kazi yangu ni mahindi, mihogo, michungwa na wadudu wake. Mambo ya uraia yana watu wake, nao ni maofisa wa Uhamiaji. Lakini Bwana Shamba huingia katika kila nyumba, na katika nyumba moja karibu na Korogwe niliwahi kutoa jibu la haraka juu ya jambo nisilolijua. Jibu langu lilimchelewesha mzee wa watu kwa miaka miwili. Ndiyo sababu naandika habari hii.

Mzee huyo sitamtaja jina. Watoto wa kijiji humwita Babu, nami humwita hivyo hivyo. Ana shamba la ekari tatu. Ekari mbili hulima mahindi na kunde. Ekari ya tatu ina mihogo, minazi michache na miembe ya zamani. Shamba lake ni safi. Ukipita njiani utalijua kwa sababu halina magugu hata mwezi wa Aprili.

Siku moja Babu aliniuliza swali. Kijiji chetu kilikuwa kinajiandaa kupima mashamba na kutoa hati za hakimiliki ya kimila. Babu akasema, "Bwana Shamba, mimi nilizaliwa Msumbiji. Nililetwa hapa na baba yangu mwaka 1958, nikiwa mtoto wa miaka minane. Je, nami nitapata hati?"

Mimi nilicheka. Nikamjibu, "Babu, umekaa hapa zaidi ya miaka 60. Umeoa hapa. Umezika wazazi hapa. Wewe ni Mtanzania kuliko mimi." Babu alifurahi, akaacha kuuliza.

Nilikuwa nimekosea.

Kabla sijaeleza kosa langu, nieleze kwanza jinsi watu wa Msumbiji walivyofika Korogwe. Habari hiyo ni habari ya mkonge.

Mkonge si mmea wa kwetu. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Safari ilikuwa ndefu, na miche iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Ilipandwa karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo mkonge ulienea Tanga, Muheza, Korogwe na hata mikoa mingine. Mimi nilisoma kilimo katika chuo cha Mlingano, kati ya mashamba hayo hayo ya mkonge, na mwalimu wetu alipenda sana kutuuliza idadi ya miche ile katika mtihani.

Mkonge unataka watu wengi. Kuna kupalilia, kukata majani, kufunga mizigo, kubeba hadi kwenye reli na kufanya kazi kiwandani. Wenyeji wa hapa, Wazigua, Wasambaa na Wabondei, walikuwa na mashamba yao. Wengi hawakutaka kukaa kambini kukata mkonge wa mtu mwingine. Kwa hiyo wenye mashamba walitafuta watu mbali. Mwaka 1944 walianzisha ofisi yao ya kuajiri, ikaitwa SILABU. Watu waliletwa kutoka Songea, Kigoma, Rwanda, Burundi na Msumbiji. Kila mtu alipewa namba, na ndiyo sababu waliitwa manamba. Kazi ilihesabiwa kwa kipande cha siku 30. Kipande kisipojaa, mshahara haukutoka.

Baba yake Babu alikuwa mmoja wao. Alikuja kwa mkataba, akakusudia kurudi kwao. Lakini mkataba ulifuatwa na mkataba mwingine. Mwaka 1964 nchi yetu ilitoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge. Kisha zikaja kamba za nailoni, bei ya mkonge ikaanguka, mashamba mengi yakaota vichaka. Manamba wengine walirudi makwao. Wengine hawakurudi. Walikuwa wameoa, wamezaa, na wameanza kulima mahindi pembeni mwa mkonge. Katika miaka ya 1970, wakati wa kuanzisha vijiji, baba yake Babu alipewa ekari tatu. Hakuna mtu aliyemwuliza karatasi.

Sasa nirudi kwenye kosa langu. Nililijua siku niliyokwenda Handeni.

Nilitumwa huko kwa kazi ya mbegu za mihogo. Kutoka Korogwe hadi Handeni mjini ni kama kilomita 65, na siku hizi barabara ni ya lami. Ukitoka Korogwe unavuka mto Pangani, unaiacha milima ya Usambara nyuma yako, na nchi inabadilika. Korogwe ina mto na mabonde. Handeni ina jua. Udongo wake ni mzuri, lakini mvua yake haina ahadi. Mwaka mmoja mahindi yanashinda mtu urefu. Mwaka unaofuata yanakauka yakiwa magotini. Ndiyo maana napenda mihogo kule. Mihogo husubiri mvua.

Kazi yangu ilinifikisha mpaka Chogo. Chogo ni makazi yaliyo katika wilaya ya Handeni. Ukifika hapo utaona mashamba kama ya Mzigua yeyote. Lakini kaa kidogo, usikilize. Kina mama wamejifunga shungi kwa namna ambayo si ya hapa. Wazee huzungumza wenyewe kwa wenyewe Kizigua, na maji huyaita "mazi" kama Mzigua wa Handeni asemavyo. Hata hivyo Kizigua chao kina maneno ya Kisomali ndani yake. Watu hawa walizaliwa Somalia.

Habari yao ni hii. Karibu na miaka ya 1830 njaa kubwa iliingia katika nchi ya Uzigua. Watu walikwenda pwani kutafuta chakula na kazi. Huko wengi walidanganywa au wakauzwa. Walipakiwa majahazini wakapelekwa Somalia, kwenye miji ya pwani kama Brava na Merca, wakawa watumwa wa kulima. Wazee wao wanasimulia kwamba baadaye wengi walitoroka. Walikimbilia misitu ya mto Juba, wakafyeka, wakalima, wakajenga vijiji vyao. Walikaa huko zaidi ya miaka 100, wala hawakuiacha lugha yao.

Mwaka 1991 Serikali ya Siad Barre ilianguka, na vita vikaenea Somalia. Wakulima wa mto Juba hawakuwa na bunduki wala ukoo wenye nguvu wa kuwalinda. Ghala zao ziliporwa. Wengi walikimbilia Kenya. Miaka mingi baadaye, kuanzia 2003, kiasi cha 12,000 kati ya wakimbizi wa namba hiyo walichukuliwa kutoka Kenya kwenda kuishi Marekani. Lakini wengine walisema, "Sisi tunakwenda kwa babu zetu." Walipanda vyombo vya baharini wakashuka katika mkoa wa Tanga. Kwanza waliwekwa katika kambi ya Mkuyu, Handeni. Kisha Serikali ikawapa ardhi ya kulima Chogo. Walikuwa kama watu 3,000.

Nilikaribishwa chai katika nyumba ya mama mmoja wa makamo. Tulizungumza juu ya mbegu. Halafu nikamwambia kwa utani, "Mama, wewe ni Mzigua aliyerudi nyumbani. Bila shaka ulipokelewa kama binti wa nyumba."

Mama yule akatikisa kichwa. Akasema, "Mwanangu, tulipokelewa vizuri. Wenyeji walituonyesha hata makaburi ya koo zetu. Lakini damu ni kitu kimoja na sheria ni kitu kingine. Tulikuwa wakimbizi katika nchi ya babu zetu. Mkimbizi akitaka kwenda Tanga anaomba kibali. Nilikuwa mkimbizi hadi siku nilipopewa cheti."

Akaingia ndani. Akatoka na mfuko wa nailoni, na ndani ya mfuko mlikuwa na bahasha, na ndani ya bahasha mlikuwa na cheti cha uraia. Hakunipa nikishike. Alinionyesha tu, akakirudisha.

Nilimwuliza kama kukaa miaka mingi hakutoshi. Akanijibu, "Kukaa kunakupa haki ya kuomba. Hakukupi uraia. Usipoomba, utakaa mpaka ufe, na utakufa mgeni."

Ndugu msomaji, chai ilinipalia. Nilimkumbuka Babu.

Njiani kurudi Korogwe sikuona milima wala mto. Nilikuwa nafikiri ekari zile tatu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema hakimiliki ya kimila hutolewa kwa raia. Mimi Bwana Shamba naijua sheria hiyo, nimeifundisha katika mikutano. Lakini sikuwahi kuiweka pamoja na maneno ya Babu, "Nilizaliwa Msumbiji."

Kesho yake nilikwenda kwake asubuhi. "Shikamoo, Babu." "Marahaba, Bwana Shamba. Mbona mapema?" Nikamwambia ukweli kwamba nilimdanganya bila kukusudia, nikamwomba radhi. Babu alinyamaza kwa muda mrefu, akiwa anachambua kunde. Kisha akaniuliza, "Basi miaka hii yote mimi ni nani?"

Tulikwenda pamoja ofisi ya Uhamiaji ya wilaya. Naeleza hapa tuliyoambiwa, kwa sababu wako wengine wengi wenye hali kama ya Babu, si Korogwe tu.

Kwanza, Babu hakuwa mtu wa siri. Miaka iliyopita Serikali iliwaandikisha watu wa namna yake, yaani wageni waliohamia zamani na kukaa. Watu hao huitwa walowezi. Babu aliandikishwa akapewa karatasi. Yeye alidhani karatasi ile ndiyo uraia, akaifungia sandukuni. Kumbe karatasi ya mlowezi inasema tu kwamba mtu huyu anajulikana na anaruhusiwa kukaa. Ni ruhusa ya kukaa. Haimpi mtu haki ya kupiga kura, wala haimfanyi raia. Hata hivyo ilimsaidia sana, maana ilionyesha kwamba hakujificha.

Pili, raia wa Tanzania ni wa aina tatu. Kuna raia wa kuzaliwa, kuna raia wa kurithi kwa wazazi, na kuna raia wa tajnisi. Tajnisi maana yake ni mgeni aliyeomba uraia akapewa. Babu alitakiwa kuomba uraia wa tajnisi. Mke wake ni Mzigua wa hapa hapa, na watoto wao wamezaliwa hapa kwa mama aliye raia, hivyo watoto hawakuwa na shida hiyo. Mwenye shida alikuwa baba peke yake. Hapo Babu alicheka kidogo. Alisema, "Nyumba nzima ina wenyeji, mgeni ni mwenye nyumba."

Jambo hili la ndoa liangaliwe vizuri. Mwanamke wa nje aliyeolewa na raia wa Tanzania ana njia yake ya kuomba uraia kwa sababu ya ndoa. Hata yeye ni lazima aombe. Mwanamume wa nje aliyeoa Mtanzania hana njia hiyo. Anafuata njia ya kawaida, kama Babu.

Njia ya kawaida imeandikwa katika Sheria ya Uraia ya mwaka 1995. Mwombaji awe mtu mzima mwenye akili timamu. Awe na tabia njema. Ajue Kiswahili au Kiingereza vya kutosha. Awe mtu atakayeifaa nchi, na awe na nia ya kuendelea kukaa hapa. Halafu kuna hesabu ya miaka, na hesabu hii huwachanganya watu. Nilimweleza Babu kwa punje za mahindi, nanyi nawaelezeni hivyo hivyo.

Chukua punje 11. Kila punje ni mwaka mmoja. Tuseme mtu anaomba Januari 2025. Punje ya kwanza ni mwaka 2024. Mwaka huo mzima ni lazima awe amekaa nchini. Weka punje hiyo kando. Sasa zimebaki punje 10, yaani kuanzia mwaka 2014 hadi 2023. Katika miaka hiyo 10, ukijumlisha vipindi alivyokaa nchini, visipungue miaka saba. Kama alikwenda kwao kumwuguza mama, akakaa huko miaka miwili au mitatu, bado anaweza kuomba. Babu alitazama punje zake, akasema, "Mimi nina gunia."

Lakini gunia lake lilitaka ushahidi. Hapa ndipo kazi ilipokuwa. Babu hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Alikuwa na kipande cha zamani cha baba yake, kimeliwa na mende pembeni. Alikuwa na kadi ya kliniki ya mtoto wake wa kwanza, stakabadhi za kuuza pamba za miaka ya nyuma, na karatasi ya mlowezi. Tulikusanya yote. Nawaambieni, ndugu wasomaji, msichomee moto karatasi za wazazi wenu kwa sababu zimechakaa. Mimi mwenyewe nimeona watu wakiwashia jiko stakabadhi za chama cha ushirika.

Kisha ilitakiwa barua ya utambulisho kutoka kijijini. Halmashauri ya Kijiji ilikaa chini ya mwembe. Mwenyekiti alieleza shauri, akauliza kama kuna mwenye neno. Kulikuwa na mzee mmoja ambaye shamba lake limepakana na la Babu. Hao wawili wamegombania mpaka tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Mzee huyo akasimama. Watu wote wakanyamaza, na mimi moyo ukanidunda. Akasema, "Mnajua kwamba mimi na huyu hatupatani. Ameusogeza mpaka wangu hatua tatu, na siku nitakayokufa nitakuwa bado nazidai. Lakini mpita njia hagombei mpaka miaka 30. Huyu ni mwenzetu. Andikeni barua." Watu walicheka hadi Mwenyekiti akagonga meza.

Baada ya kijiji, maombi hupita katika kata, wilaya na mkoa. Kote huko yanaangaliwa. Kisha hupelekwa makao makuu ya Uhamiaji, na mwisho kwa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi. Waziri ndiye mwenye kukubali au kukataa. Sheria inasema Waziri halazimiki kutoa sababu, na uamuzi wake haukatiwi rufaa mahakamani. Mimi naona hili ni jambo zito kwa mtu aliyesubiri. Babu aliposikia alisema tu, "Hata mvua haitoi sababu."

Kuna ada pia. Ada hubadilika, kwa hiyo sitaandika kiasi hapa. Ulizeni ofisi ya Uhamiaji wilayani. Mtu asimpe fedha mtu wa barabarani anayesema anajuana na wakubwa. Malipo ya Serikali yana namba yake na stakabadhi yake. Vishoka wako Korogwe, wako Handeni, wako kila mahali penye foleni. Mmoja alimfuata Babu nje ya duka akamwambia, "Mzee, ya nini kuhangaika? Nitakutafutia cheti cha kuzaliwa kinachosema umezaliwa Korogwe. Wiki moja tu." Babu alimjibu kwamba mama yake alimzaa Msumbiji, na hawezi kumhamisha mama aliyekwisha kufa. Alijibu vema. Uraia uliopatikana kwa uongo waweza kufutwa, na mwongo hushitakiwa.

Jambo jingine ni kwamba nchi yetu haimruhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili. Anayepewa uraia wa Tanzania ni lazima aukane ule wa kwao, na ale kiapo cha utii. Hapa Babu alisita kuliko mahali pengine pote. Hajapata hata siku moja kushika karatasi ya Msumbiji. Kijiji chake anakikumbuka kwa mambo mawili tu, mto na mti mkubwa wa mbuyu. Lakini aliniambia, "Kukana ni neno gumu. Baba yangu alikufa akisema mwakani tunarudi." Sikumshauri kitu. Hilo halikuwa la Bwana Shamba. Baada ya siku nne alinitumia mjukuu wake. Mjukuu akasema, "Babu anasema twende."

Tena sheria inataka tangazo gazetini. Tangazo husema kwamba fulani anaomba uraia, na mtu yeyote mwenye sababu ya kumpinga aiandike na kuipeleka Uhamiaji. Nyote mnaosoma gazeti mmepata kuona matangazo hayo, nanyi mmeyaruka kama mimi. Nilimpelekea Babu nakala. Babu alijifunza kusoma ukubwani, katika darasa la jioni, miaka ya 1970. Alivaa miwani, akaweka kidole chini ya kila neno. Alipofika kwenye jina la baba yake alisimama, akalisoma mara mbili kwa sauti. Kisha akamwita mke wake aje alisome naye.

Babu hayuko peke yake, na njia hii si ngeni katika nchi yetu. Mwaka 1980 Serikali iliwapa uraia zaidi ya wakimbizi 30,000 wa Rwanda. Warundi waliokimbilia kwetu mwaka 1972 walikaa miaka mingi Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Kiasi cha 162,000 walikubaliwa, na mwaka 2014 wakaanza kukabidhiwa vyeti. Jirani zetu wa Kenya nao walikuwa na Wamakonde, watoto na wajukuu wa watu waliotoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa ya pwani. Walikaa miongo mingi bila vitambulisho. Oktoba 2016 walitembea kwa miguu kutoka Kwale wakaenda Nairobi kumwona Rais Uhuru Kenyatta. Mwaka 2017 walitambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya, wakaanza kupewa vitambulisho. Nilimweleza Babu habari hiyo. Aliniuliza ni kilomita ngapi. Nikamwambia zaidi ya 500. Akasema yeye amebahatika, kwa kuwa ofisi ya Uhamiaji ni nauli ya basi moja tu.

Raia wa tajnisi anapiga kura, anapata kitambulisho cha Taifa, anamiliki ardhi ya kijiji kama wengine. Hawezi kuwa Rais wa nchi, kwa maana Katiba inataka Rais awe raia wa kuzaliwa. Babu alisema kazi hiyo hakuwa na mpango nayo.

Kama wewe msomaji una hali kama hii, au baba yako anayo, usifanye kama nilivyomfanyia Babu. Usiridhike na maneno ya jirani wala ya Bwana Shamba. Nenda kwa Mtendaji wa Kijiji, kisha nenda Uhamiaji, ukiwa na karatasi zote ulizonazo. Sema ulizaliwa wapi na uliingia mwaka gani. Mgeni anayejulikana ana njia ya kupita. Anayejificha hana.

Faili la Babu limekwisha kutoka wilayani. Sasa liko mbele, nasi tunasubiri. Kijiji nacho kinaendelea kupima mashamba. Wapimaji walipofika kwake waliandika vipimo vya ekari tatu, wakaacha nafasi ya jina wazi. Walipima pia mpaka wa jirani. Zile hatua tatu zilionekana kuwa mbili na nusu.

Mwezi uliopita nilipita tena. Babu alinipeleka kwenye ekari ya mihogo. Akaniuliza, "Bwana Shamba, nikipanda michungwa hapa leo, nitaanza kuchuma lini?" Nikamwambia miche ya kubebesha huanza kuzaa kidogo baada ya miaka mitatu au minne, na mavuno mazuri huja baadaye. Nikamwambia pia kwamba akiacha mita nane kati ya mti na mti, ekari moja itaingia miti kama 60, na kila shimo liwe na upana na kina cha sentimita 60, lijazwe samadi iliyooza pamoja na udongo wa juu.

Babu alihesabu kwa vidole. Hakusema lolote juu ya cheti. Alimwita mjukuu wake, akamtuma alete kamba na vijiti vya kupimia. Siku ile tulichimba mashimo saba kabla ya jua kuwa kali.